Aliyepanga Mafungu Huchagua Mwisho

Jumatatu jioni, kiangazi. Upepo umekata na vumbi la karasha, mashine ya kusaga mawe, limebaki limening'inia juu ya mabanda, halitui wala haliondoki. Goti la kulia limevimba. Nimekaa nje ya chumba changu juu ya ndoo niliyoipindua, simu ina chaji ya kutosha, na ninataka kuandika haya leo leo kabla sijaanza kujidanganya kuhusu yalivyokwenda.

Asubuhi nilikuwa na timu, na nilikuwa na ahadi ya kazi ya juu. Sasa hivi timu ile sina na ahadi sina.

Na bado naona nilifanya sawa.

Nianze na jana. Jana tulifungwa saba bila. Sisi ni Chapakazi, timu ya duara letu, yaani shimo letu, watu tunaoshuka shimoni pamoja wiki nzima na Jumapili tunacheza pamoja. Mimi ni nahodha na beki wa kati. Si kwamba najua sana mpira. Ni mrefu, na siogopi kuumia, basi. Waliotufunga ni timu ya Bosi Masalu, mwenye mtambo mkubwa wa kuchenjulia dhahabu hapa machimboni kwetu, upande huu wa Kharumwa. Ligi yetu ina timu tano: sisi, watu wa karasha, wauza matimba (yale magogo ya kushikilia kuta za shimo), waendesha bodaboda, na yeye. Mshindi anapata ng'ombe dume. Dume anamtoa Bosi Masalu mwenyewe.

Zamani timu yake ilikuwa ya wafanyakazi wake, watu wa kawaida kama sisi, wenye matumbo na vikohozi. Msimu huu ameleta wachezaji sita kutoka nje. Wengine wametoka Kahama, wengine Shinyanga mjini, kipa ametoka Kagongwa. Tunawaita mamluki, na wao wenyewe wanajiita hivyo huku wanacheka. Amewapa kazi nyepesi mtamboni, wanakula nyama, na Jumamosi hawagusi chochote. Sisi Jumamosi tunatoka shimoni jua linazama, na Jumapili tunaingia uwanjani vumbi la mawe likiwa bado masikioni.

Mpaka mapumziko tulikuwa tumekula nne. Mshambuliaji wao mmoja, wanamwita Bajaji kwa namna anavyokata kona, alinipita mara nyingi mpaka nikaanza kumwomba Mungu ateleze. Nilipotazama pembeni niliona watu wanaondoka. Si wa kwetu tu, hata wa kwao. Mama Neema, anayeuza mihogo ya kukaanga karibu na goli la chini, alikuwa anafunika karai lake.

"Mama Neema, mbona unatukimbia? Bado nusu nzima!" nilimwambia kwa utani.

"Baba, mechi hii nimeijua tangu juzi," akajibu bila kugeuka. "Na wateja wangu pia wameijua."

Akabeba karai kichwani, akaenda.

Jibu lile liliniuma kuliko magoli. Kipindi cha pili tuliwachezea nzi na mbwa.

Filimbi ya mwisho ilipolia nilikaa chini palepale kwenye kumi na nane. Bosi Masalu akaja kwa miguu yake. Ni mtu mnene, mpole wa sauti, anavaa kofia ya pama hata kivulini. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akachuchumaa mbele yangu kama tunaota moto.

"Mmakonde," akasema, maana hapa wote wananiita hivyo, "wewe ndiye peke yako uliyekuwa unakimbia mpaka mwisho. Njoo kwangu. Nitakuweka kwenye winchi, juu. Hutashuka tena. Kesho kwenye kikao cha manahodha nipe jibu."

Akanipiga bega, akaondoka.

Kwa asiyejua maisha yetu: kazi ya juu ni kuvuta viroba vya mawe kwa winchi, kukiwa na hewa, kukiwa na mwanga, unasikia redio. Kazi yangu ni chini. Unashuka kwa ngazi za miti na kamba mpaka mdomo wa shimo unakuwa mdogo kama kisosi. Joto. Unapiga mwamba umepiga magoti, ndiyo sababu ya hili goti. Matimba yanalia usiku na mchana, na kila yakilia unanyamaza kidogo, kisha unaendelea kwa sababu wenzako wanaendelea. Mimi nimetoka Newala. Kwetu mtu akianguka, ameanguka kutoka juu ya mkorosho, na watu wanamwona. Sijazoea kuwa mahali ambapo ukiangukiwa, wa kwanza kujua ni kamba.

Kwa hiyo nasema kweli: nilitaka. Nilitaka sana. Nilimpigia mke wangu kabla hata sijanawa miguu.

"Mama Zuhura, huenda nikapata kazi ya juu."

Akasema, "Alhamdulillahi," kwa sauti ndogo, halafu nikasikia anawaambia watoto, "Baba yenu hashuki tena shimoni." Nilikuwa nimesema huenda. Yeye alisikia tayari.

Baada ya hapo nililala kitandani na simu, nikatafuta chochote cha kunisahaulisha. Nikakuta ukurasa wa michezo wa Kiswahili unaeleza besiboli, ule mchezo wa Wamarekani wa kupiga mpira kwa rungu na kukimbia kuzunguka. Mchezo wenyewe sikuuelewa. Sijui kwa nini wakati mwingine wanakimbia na wakati mwingine wanasimama tu wanatema mate. Lakini ugomvi wao niliuelewa mara moja. Watu walikuwa wanabishana chini ya habari ile: timu zenye fedha nyingi zinanunua kila anayejua kupiga na kila anayejua kurusha, je, zinaua mchezo au haziui?

Mmoja aliandika kwamba zinaua, kwamba watoto wa miji midogo wanakua wakijua mchezaji wao akishakuwa mzuri ataondoka. Mwingine akamjibu kwamba fedha hazipigi mpira, kwamba hata tajiri hufungwa, na kwamba bila matajiri mchezo ungekuwa wa uchochoroni. Wakatukanana kidogo. Nilisoma yote, nikiwa na barafu ya kufunga kwenye goti, huku nikicheka peke yangu. Wenye viwanja vya taa na wenye uwanja wa mbigili, ugomvi ni mmoja.

Nikaanza kufikiri kama mtu mwenye haki, siyo kama mtu aliyefungwa saba.

Bosi Masalu hajatuibia chochote. Kabla yake uwanja wetu ulikuwa na mteremko, timu iliyocheza kwenda chini ndiyo iliyoshinda. Yeye alileta katapila akausawazisha. Nyavu za magoli ni zake. Mpira tulikuwa na mmoja, ukipasuka tunarudi nyumbani. Yeye alileta mipira. Watu walianza kuja kutoka Kharumwa kuangalia, Mama Neema akaongeza karai. Kumwita adui ni uongo. Na yule aliyesema fedha hazipigi mpira ana ukweli wake, maana mwaka juzi tajiri mwingine alileta wachezaji wa kukodi, wakaja wamelewa, wakafungwa na wauza matimba.

Lakini kuna kitu yule bwana wa mtandaoni hakukitaja. Tajiri akinunua wote, kinachoharibika cha kwanza si kombe. Kombe lazima lichukuliwe na mtu mmoja tu, hata zamani lilichukuliwa na mtu mmoja. Kinachoharibika ni Jumamosi. Jumamosi tulikuwa tunabishana shimoni. Shija, mwenzangu wa kupokezana sururu, alikuwa ananieleza gizani namna tutakavyowafunga watu wa karasha, nani atakaa wapi, na mimi nambishia, na saa zinapita bila kusikia matimba. Jumamosi hii hakuna aliyeutaja mpira. Tulichimba kimya. Tulijua.

Mtu akikuchukulia ushindi, unarudi wiki ijayo kuudai. Akikuchukulia hamu, hurudi.

Ndiyo nikafika kwenye mgao.

Duarani kwetu, mawe yakishatolewa, kisha mwenye duara na mwenye eneo wakachukua vyao, wachimbaji tunagawana viroba vilivyobaki. Na hapo pana tatizo, kwa sababu viroba havilingani. Hiki kina jiwe zuri, kile kina takataka, na hakuna anayejua kwa hakika, kila mtu ana macho yake. Desturi yetu ni hii: mmoja anapanga mafungu, na huyo aliyepanga anachagua mwisho. Aliyepata kidogo mgao uliopita anachagua kwanza. Ukijua utachagua mwisho, utapanga mafungu yalingane mpaka jasho likutoke. Hakuna haja ya polisi, hakuna haja ya kuapa. Na kabla ya mgao kila mtu anakung'uta mifuko na buti mbele ya wenzake. Anayekutwa na jiwe la pembeni hafukuzwi tu, jina lake linaharibika kuanzia hapa mpaka Geita.

Nikalala nikiwa na wazo hilo. Sikujua kama nitalisema. Mtu anayetaka kazi ya winchi hasemi mambo kama hayo.

Leo saa nne tulikutana kwenye banda la karasha. Mashine zilizimwa ili tusikilizane. Manahodha wanne, Bosi Masalu na mamluki wake wamesimama nyuma, na watu waliokuja kusikiliza tu, kama kawaida ya hapa. Luhende, nahodha wa karasha, ndiye aliyeanza. Ni mtu wa maneno, hata akiagiza chai anahutubia.

"Jamani, tuivunje hii ligi," akasema. "Mimi wachezaji wangu wamegoma. Jumapili ijayo tunacheza na Bosi. Wanasema afadhali wafue nguo. Sasa nitamlazimisha mtu mzima aache kufua aje kufungwa?"

Watu wakacheka. Nahodha wa matimba akasema naye anajitoa. Kulwa wa bodaboda, ambao wako mkiani na hawajapata hata sare, akasema yeye amezoea, lakini akibaki peke yake na Bosi watakuwa wanacheza harusi, bwana na bibi tu.

Bosi Masalu hakucheka. Akavua kofia. "Dume nimetoa mimi," akasema polepole. "Uwanja nimesawazisha mimi. Nani alinikataza kuleta wachezaji? Semeni kanuni niliyovunja."

Hapakuwa na kanuni. Hilo ndilo lilikuwa gumu. Yeye akanigeukia mimi. Nilijua anasubiri jibu langu lile jingine.

Nilisimama. Goti likalia, wote wakalisikia.

"Hukuvunja kanuni, Bosi," nikasema. "Lakini jana ulikuwa na watu wangapi pembeni filimbi ya mwisho ilipolia? Hata wako waliondoka. Ulishinda peke yako."

Akawa anazungusha kofia mkononi. Nikaona limemgusa, kwa sababu nadhani yeye mwenyewe aliliona jana na hakuna aliyethubutu kumwambia. Mtu haleti katapila kwa ajili ya nzi na mbwa.

Nikaendelea kabla ujasiri haujaniisha. Nikasema tufanye mgao. Mamluki wabaki, kazi zao mtamboni zibaki, hakuna anayemfukuza mtu. Ila Jumapili wawe wa ligi nzima. Bosi apange mafungu, halafu wa mkiani achague kwanza, na aliyepanga achague mwisho. Kama duarani.

Kelele zikaanza. Luhende akapiga makofi. Bajaji akasema kutoka nyuma, "Aisee, mimi si mbuzi wa kuchaguliwa mnadani!"

"Mbuzi angekuwa na adabu, angenyamaza," akajibu Kulwa, na banda likavunjika kwa kicheko, hata Bajaji mwenyewe akacheka.

Bosi Masalu akangoja mpaka kicheko kikaisha. Kisha akavaa kofia, na nikajua amepata neno.

"Sawa," akasema. "Mimi pia nilianzia duarani, usifikiri nilizaliwa na mtambo. Mgao naujua. Kwenye mgao tunakung'uta mifuko, au siyo?"

"Ndiyo," tukasema.

"Basi kung'uteni na nyinyi. Mimi naweka mezani wote sita. Kila timu ilete aliye bora kwake, mmoja. Nne na sita ni kumi. Mafungu matano, wawili wawili. Mnataka kugawana mawe yangu huku ya kwenu mmeyaficha kwenye buti? Huo siyo mgao. Huo ni wizi."

Ilikuwa haki tupu, na kila mmoja alilijua hilo.

Luhende akamtoa winga wake, huku uso umemkunjamana kama anang'olewa jino. Matimba wakatoa kiungo wao. Bodaboda wakatoa mfungaji wao wa goli moja. Halafu watu wa Chapakazi, waliokuwa wamesimama mlangoni kusikiliza, wote wakanitazama mimi. Shija akatazama chini.

Nilitafuta jina jingine. Sitasema uongo hapa, nilitafuta. Tuna winga mwenye mbio, ningeweza kumtaja yeye na nisingepingwa waziwazi. Lakini ningekuwa nimesimama katikati ya banda na jiwe kwenye buti langu, mimi niliyeleta habari ya mgao.

"Mimi," nikasema.

Bosi Masalu akanitazama kwa muda. Nadhani alielewa, wakati ule ule nilioelewa mimi, kwamba nilikuwa nimemjibu lile la winchi.

Akachukua muda mrefu kupanga. Alitushika mabega, akatusogeza, akatuhamisha, akarudi nyuma kuangalia, akahamisha tena. Hivyo hivyo tunavyofanya na viroba. Ilikuwa vizuri kumwona tajiri anatoka jasho kwa ajili ya kulinganisha. Mimi akaniweka na kipa wa Kagongwa. Bajaji akamweka na yule winga wa Luhende, kisha akaona fungu limezidi, akamtoa winga na kumweka mfungaji wa bodaboda.

Kulwa ndiye wa kuchagua kwanza. Wote tulijua atamchukua Bajaji. Nani angemwacha? Kulwa akazunguka mafungu kama anakagua matairi, akasimama mbele yetu.

"Nachukua Mmakonde na kipa," akasema.

"Wewe Kulwa, umelewa?" Luhende akapiga kelele. "Bajaji yule pale!"

"Ng'wanawane, mwanangu, shida yetu sisi siyo kufunga," Kulwa akasema. "Shida yetu ni kufungwa. Abiria akivuja mafuta barabarani utamwongezea mwendo?"

Hakuna aliyeelewa huo mfano wa abiria kuvuja mafuta, lakini fungu lilikuwa limechaguliwa.

Chapakazi, kwa kipigo cha jana, walikuwa wa pili kutoka chini. Shija akachagua kwa niaba yao, kwa kuwa nahodha wao alikuwa amesimama kwenye fungu la watu wengine. Akamchukua Bajaji. Hakusita hata kidogo. Nilimwangalia, akainua mabega, kana kwamba anasema, ungefanya hivyo hivyo. Kweli, ningefanya.

Bosi Masalu akachukua fungu la mwisho. Ni zuri tu. Alipanga vizuri.

Kikao kilipokwisha nilimfuata nje. Nilijilazimisha kuuliza, kwa sababu nilijua nikiondoka bila kuuliza ningejitesa wiki nzima.

"Bosi, ile ya winchi?"

Akanitazama bila hasira. "Ile ilikuwa ya mchezaji wangu, Mmakonde. Wewe sasa ni mchezaji wa Kulwa. Kulwa hana winchi, ana pikipiki." Akatembea kidogo, akageuka. "Wabeja," akasema, yaani asante, na akaingia kwenye gari lake.

Sijui alinishukuru kwa nini. Nimeliwaza tangu asubuhi. Labda kwa kumwambia alishinda peke yake. Labda ni adabu tu ya Kisukuma.

Nilimpigia Mama Zuhura saa saba, nimejibanza nyuma ya choo cha kambi maana ndipo mtandao unapokamata. Nilimweleza yote, sikupunguza. Nilitegemea atalia au atakata simu. Kwanza nikasikia kuku nyuma yake.

"Kwa hiyo unashuka kesho."

"Nashuka."

"Kwa sababu ya mpira."

Nikasema siyo mpira. Nikajaribu kumweleza habari ya Jumamosi, ya kuchimba kimya, ya watu waliokosa hata cha kubishania. Nikasema chini kule, hamu ya kitu fulani ndiyo inayokurudisha juu. Sijui kama nilieleza vizuri. Shule niliiacha kabla ya darasa la saba na maneno mengine hayanijii.

"Baba Zuhura," akasema, "mimi mpira siujui. Lakini watoto nimeshawaambia hushuki. Uje uwaambie wewe mwenyewe kwa mdomo wako." Akavuta pumzi. "Na hao watu wa pikipiki, angalau wana mbio?"

"Hawana. Wanakaa siku nzima."

"Basi umejitafutia kazi." Na nikasikia amecheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekasirika. Nimekichukua hivyo hivyo.

Niliongea na watoto. Zuhura aliuliza kama shimo lina mwisho. Nikamwambia lina mwisho. Akasema, sawa.

Hilo ndilo lililonigharimu leo. Siyo winchi.

Jioni hii nilikwenda mazoezini na bodaboda. Walikuja na pikipiki mpaka ndani ya uwanja, wakaziegesha kwenye mstari wa kati, na mazoezi yakaanza kwa kuziondoa. Hawajui kusimama mstari mmoja. Mpira ukienda kushoto wote kumi wanaenda kushoto, kama wanamgombania abiria. Nikawapanga. Nikawaambia kila mmoja ana mtu wake, ukimwacha ukamkimbilia wa mwenzako, umeiba abiria wa mwenzako kituoni. Hapo wakaelewa papo hapo, na mmoja akasema kumbe ndiyo hiyo tu? Kipa wa Kagongwa alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Tulicheza nusu kwa nusu, na upande wangu haukufungwa.

Watu walisimama kuangalia mazoezi. Mazoezi ya timu ya mkiani! Walikuwa wanabishana. Mmoja anasema Luhende sasa atashinda dume, mwingine anasema Bosi bado ana nyama na viatu, hamumwezi. Nilisikiliza huku nafunga kamba, na nilifurahi kuwa hakuna aliyekuwa na uhakika.

Yule aliyesema Bosi bado ana nyama na viatu hakukosea. Mgao haukumaliza kila kitu. Watu wake bado watapumzika Jumamosi na sisi wa mashimoni bado tutatoka jua likizama. Tajiri atabaki tajiri. Hilo la Jumamosi sikulisema leo, nilikuwa nimekwisha nguvu. Kikao kijacho nitalisema: timu zote zipumzike mchana wa Jumamosi au zote zifanye kazi. Atakasirika. Nitasimama tena hata kama goti litalia.

Sijui kule kwenye rungu na kukimbia wameamuaje. Wangeniuliza, ningewaambia msimkataze mwenye fedha kuja, uwanja unahitaji kusawazishwa na mtu. Ila asichague kwanza. Na wewe mnyonge, usifiche jiwe lako.

Kesho alfajiri nashuka na Shija na wenzake wote. Najua watakachozungumza chini kule, gizani, nikiwa nimepiga magoti katikati yao: namna Bajaji atakavyonipita Jumapili, kwa sababu Jumapili ni Chapakazi na Bodaboda. Watanitania mpaka basi. Shija ameshaanza, amepita hapa sasa hivi na ndoo ya maji akaniuliza nauli mpaka Kharumwa.

Nimemwambia asubiri Jumapili. Nitamkaba Bajaji mpaka aombe kurudi Kahama. Na Shija naye akisogea kwenye eneo langu, hata kama tunashuka kwa kamba moja, simpishi.